Programu ikiganda, usikimbilie waya wa umeme

MSIMU wa ununuzi wa mazao ndio wakati ambao kompyuta ya chama cha msingi haitakiwi kusumbua, na mara nyingi ndipo inaposumbua. Karani ameingiza uzito wa magunia tangu asubuhi, wakulima wamepanga foleni mlangoni, mara kioo kinapauka, mshale wa kipanya unageuka kiduara kinachozunguka, na juu ya dirisha yanatokea maneno "Not Responding". Maana yake ni kwamba programu haiitikii.

Wengi wakifika hapo hubonyeza kila kitufe, kisha huchomoa waya. Hiyo ndiyo hatua yenye hasara kubwa kuliko zote. Mara nyingi kilichoganda ni programu moja tu, kompyuta yenyewe ni nzima. Ukikata umeme unaziangusha programu zote kwa pamoja, na faili lililokuwa likiandikwa kwenye diski wakati huo linaweza lisifunguke tena.

Isitoshe, maneno hayo si taarifa ya kifo. Windows huyaonyesha programu inapopitisha kama sekunde 5 bila kujibu, na faili kubwa la Excel lenye hesabu nyingi linaweza kukaa kimya kwa muda mrefu zaidi ya huo huku likiendelea na kazi. Kwa hiyo acha kubonyeza, maana kila unachobonyeza kinaweza kupangwa foleni na kuongeza mzigo. Subiri dakika tatu hivi. Ukitaka kujua kama mashine bado iko hai, bonyeza Caps Lock: taa yake ikiwaka na kuzimika, kompyuta inakusikia.

Wakati unasubiri, kama takwimu bado zinaonekana kwenye kioo, chukua simu uzipige picha. Ni jambo dogo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa.

Sasa bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager, yaani orodha ya programu zinazofanya kazi. Kwenye Windows 10 na 11, tazama safu za CPU na Disk mbele ya jina la programu yako. Tarakimu zikipanda na kushuka, bado inahangaika, iache. Zikibaki sifuri kwa dakika kadhaa, chagua jina hilo na ubonyeze "End task". Usiguse majina usiyoyafahamu, kwani mengine ni ya mfumo wenyewe.

Vitufe hivyo visipoitikiwa, jaribu Ctrl, Alt na Delete, kisha uchague Task Manager. Mkusanyiko huu ulibuniwa na David Bradley, mhandisi wa IBM, kwa ajili ya kompyuta iliyotoka mwaka 1981. Wakati ule uliiwasha mashine upya papo hapo bila kuuliza. Ndiyo sababu alichagua vitufe vilivyo mbalimbali, ili mtu asivibonyeze kwa bahati mbaya kwa mkono mmoja.

Ukishaifunga programu, hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Kilichopotea ni kile ambacho hakikuwa kimehifadhiwa. Excel kwa kawaida huweka nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, na ukiifungua tena hukuonyesha pembeni mafaili iliyoyaokoa. Lakini katika dakika hizo 10 karani mwepesi anaweza kuwa amepima mizigo ya wakulima kadhaa. Mkulima ambaye uzito wake haumo kwenye faili hatakuwemo kwenye orodha ya malipo, na atakuja kugundua siku wenzake wanapopokea fedha. Basi kabla ya kuita mtu wa pili, chukua kitabu cha stakabadhi, linganisha namba ya mwisho iliyoandikwa kwa mkono na mstari wa mwisho kwenye kompyuta, kisha ingiza upya zilizokosekana. Chama kisichoandika stakabadhi za karatasi kwa sababu "kompyuta ipo" kinajitafutia ugomvi.

Mwenye duka la pembejeo anayetumia programu ya hesabu awe mvumilivu zaidi. Programu hizo huandika mauzo na stoo kwa pamoja. Ukiifunga katikati, unaweza kukuta mauzo yameingia na mbolea haijapungua, au kinyume chake. Ikifunguka tena, angalia ankara ya mwisho pamoja na idadi ya mifuko.

Kioo kizima kikiwa kimeganda na taa ya Caps Lock haibadiliki, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie hadi mashine izimike. Hata huko ni kuikatiza ghafla, hivyo ni njia ya mwisho.

Kama faili lile lile linaganda kila siku, chunguza linakokaa. Makarani wengi hulifungua moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Flashi ikiwa nzito au ikitikisika, Excel hubaki inaingoja. Linakili kwanza kwenye kompyuta, fanya kazi, funga, halafu ulirudishe kwenye flashi jioni. Na kila msimu uwe na faili lake; kurundika miaka mitano mahali pamoja ni kuitwisha mashine gunia lisilo la lazima.