Bwawa na Bustani Wakati wa Kipupwe

Mvua zimekwisha. Mahindi yamekauka shambani. Asubuhi kuna ukungu na baridi kali. Hivi ndivyo mwezi wa Juni unavyoingia katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kama vile Njombe, Mbinga na Rungwe. Kipupwe kimefika.

Wakati huu watu wengi hushuka mabondeni kulima mboga. Huko Iringa na Njombe bustani hizo za bondeni huitwa vinyungu. Familia nyingine zina pia bwawa la kufugia perege. Bustani na bwawa ni kama ndugu wawili wa nyumba moja. Kila mmoja ana kitu cha kumpa mwenzake. Lakini wakati wa baridi bwawa hutaka kidogo, na bustani hutaka zaidi. Asiyejua jambo hili anaweza kupoteza samaki wake kwa usiku mmoja.

Samaki waliokosa hewa

Mkulima mmoja alikuwa na samaki wazuri. Baridi ilipoanza, aliona hawamalizi chakula. Alifikiri wamedhoofu. Akaongeza pumba. Akamwaga na madebe mawili ya samadi, ili wanenepe upesi. Maji yakawa ya kijani kizito.

Siku chache baadaye alifika bwawani alfajiri. Samaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakihema. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Kitoweo cha miezi mingi kilikuwa kinaelea.

Je, samaki hao waliugua? Hapana. Walikosa hewa.

Samaki huvuta hewa iliyomo ndani ya maji. Rangi ya kijani hutokana na mimea midogo sana iliyomo majini. Mchana, jua likiwaka, mimea hiyo hutoa hewa. Usiku haitoi hewa, bali huitumia kama samaki wanavyoitumia. Pumba na samadi zinazooza hutumia hewa pia. Kwa hiyo hewa hupungua sana inapokaribia alfajiri.

Perege hupenda maji ya joto. Hukua vizuri katika joto la nyuzi 25 hadi 30. Joto likishuka chini ya nyuzi 20, hula kidogo na hukua polepole. Chakula unachoongeza hakiingii tumboni mwao. Huzama na kuoza.

Pima chakula

Tufanye hesabu. Bwawa lina urefu wa mita 15 na upana wa mita 10. Eneo lake ni mita za mraba 150. Ukiweka vifaranga 2 kwa kila mita ya mraba, utaweka vifaranga 300. Wakifikia gramu 50 kila mmoja, wote pamoja wana kilo 15.

Wakati wa joto, samaki hao hupewa pumba karibu nusu kilo kwa siku. Wakati wa baridi, wape robo kilo. Walishe mara moja tu, kama saa 8 mchana, maji yakiwa yamepata jua. Mwaga chakula mahali pamoja kila siku, kisha simama uangalie. Chakula kikibaki, kesho punguza.

Pima rangi ya maji

Zamisha mkono wako bwawani polepole, kiganja kikiwa wazi. Usitibue tope. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, maji ni mazuri. Kikipotea kabla ya hapo, kijani kimezidi. Usitie samadi. Ukikiona hata maji yanapopita kiwiko, waweza kutia samadi kidogo.

Ukiwakuta samaki wakihema alfajiri, acha mara moja kutia chakula na samadi. Ondoa uchafu unaooza. Fungua mfereji, maji mapya yaingie kwa kuanguka kutoka juu. Maji yanayoanguka huchukua hewa.

Bwawa hulisha bustani

Maji ya bwawa yana mbolea. Badala ya kuongeza samadi bwawani, chota maji hayo umwagilie mboga. Kisha jaza bwawa kwa maji safi ya mfereji. Hivyo mboga hupata mbolea, na samaki hupata hewa.

Tengeneza matuta yenye upana wa mita 1, ili mkono wako ufike katikati bila kukanyaga udongo. Panda kabichi, sukuma wiki, karoti au vitunguu. Mwaga maji kwenye shina, si juu ya majani, kwa sababu maji hayo yana samadi. Tandaza nyasi kavu ili udongo usikauke upesi. Kabla ya kupika, osha mboga kwa maji safi.

Bustani nayo hulisha bwawa. Majani laini ya kabichi yasiyofaa kuliwa, yakatekate uwape samaki. Lakini wape kidogo. Yakibaki, yatoe.

Siku ya kuvua samaki wote, chota tope la chini ulipeleke bustanini. Ni mbolea nzuri.

Mambo mawili ya kukumbuka

Kwanza, usinyunyize dawa ya wadudu karibu na bwawa. Dawa nyingi za wadudu huua samaki. Wala usioshee bomba la dawa bwawani au mferejini. Wadudu wakiwa wachache, waondoe kwa mkono.

Pili, usichimbe bwawa wala usilime ukingoni mwa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kabla ya kuanza, muulize afisa uvuvi au afisa kilimo wa kwenu.

Ndugu msomaji, wakati wa kipupwe mfugaji mzuri si yule anayemwaga chakula kingi. Ni yule anayeangalia maji kila asubuhi.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini samaki wa mkulima yule walikufa alfajiri, si mchana?
2. Samaki 200 wana gramu 50 kila mmoja. Wote wana kilo ngapi?
3. Je, katika kijiji chenu bwawa na bustani vinasaidiana? Mwaweza kufanya nini zaidi?