Supu ya Egusi: Tunda Chungu, Mbegu Tamu

Kwetu Kenya tukisema supu tunafikiria maji ya mifupa yenye chumvi na pilipili, yanayonywewa kikombeni. Huko Nigeria supu si ya kunywa. Ni mchuzi mzito wenye mboga, nyama au samaki. Huliwa na donge la viazi vikuu vilivyotwangwa, au eba ya unga wa muhogo, kama sisi tunavyokula ugali. Moja ya supu zinazopendwa sana huko ni ya egusi. Tunaieleza hapa kwa sababu ina funzo kwa vikundi vyetu: mbegu yaweza kulisha nyumba, lakini ikiwekwa vibaya yaweza pia kuidhuru.

EGUSI NI NINI?

Ni mbegu za tunda la jamii ya tikiti maji. Ukiliona shambani utadhani ni tikiti lenyewe. Kumbe ukilipasua, ndani ni jeupe, gumu na chungu. Haliliwi. Mkulima hulipanda kwa ajili ya mbegu tu, mara nyingi katikati ya mahindi, mihogo au viazi vikuu. Linatambaa, linafunika udongo, na magugu yanapungua.

Mbegu iliyomenywa, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na robo hivi au zaidi ni protini, ile ya kujenga mwili. Basi hata siku ambayo kipande cha nyama ni kidogo, watoto hawali mchuzi mtupu.

KAZI YA AKINA MAMA

Matunda hupasuliwa na kuachwa siku kadhaa mpaka nyama ioze. Harufu yake si ya mchezo! Halafu mbegu huoshwa na kuanikwa juani. Kisha zinamenywa moja moja kwa vidole, jioni baada ya jioni, ingawa siku hizi mashine zipo. Ndiyo sababu egusi iliyomenywa ni ghali kuliko yenye maganda. Lakini yenye maganda hukaa muda mrefu zaidi bila mafuta yake kuharibika.

INAVYOPIKWA

1. Chemsha nyama na vitunguu na chumvi. Maji yake usimwage.
2. Saga mbegu zilizomenywa. Vikombe viwili vinatosha familia ya watu sita.
3. Pasha mafuta ya mawese, tia kitunguu na pilipili zilizosagwa.
4. Tia egusi, koroga ili isishike chini.
5. Ongeza maji ya nyama kidogo kidogo, funika, acha ichemke kwa moto mdogo kama dakika ishirini.
6. Tia nyama, samaki mkavu na unga wa uduvi. Mwisho weka mboga za majani.

Mafuta yakipanda juu, imeiva.

Hapo wapishi wa Nigeria wanaanza kubishana. Wengine hukaanga egusi kwanza, kama tulivyoeleza. Wengine huikanda na maji iwe madonge, wakayadondosha kwenye mchuzi unaochemka. Wayoruba wengi hutia iru, mbegu za mti zilizochachushwa. Waigbo wengi hupenda majani machungu, ambayo huoshwa na kufikichwa mara nyingi mpaka uchungu upungue. Kila mmoja atakuambia ya mama yake ndiyo yenyewe.

Kwa mgeni, jambo la kushangaza ni ulaji. Unakata tonge dogo kwa mkono wa kulia, unachovya, halafu unameza bila kutafuna. Kinachotafunwa ni nyama na mboga.

TUSISAHAU KUVU

Mbegu yenye mafuta ikiwekwa na unyevu huota kuvu, na kuvu nyingine hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Egusi inaweza kuipata, sawa na karanga na mahindi. Sisi tunaijua sumu hiyo kwa uchungu: mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kuchemsha hakuiondoi. Kukaanga pia hakuiondoi.

TUNAWEZA KUFANYA NINI?

Wanigeria wanaoishi ng'ambo, wakikosa egusi, husaga mbegu za maboga. Maboga tunayo, na mbegu zake wengi wetu tunatupia kuku. Kikundi chaweza kujaribu hivi:

- Osha mbegu siku ile ile boga linapokatwa.
- Anika juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo. Ingiza ndani jioni.
- Mbegu iliyokauka huvunjika kwa sauti. Ikipinda, bado.
- Weka mahali pakavu penye hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta.
- Yenye kuvu au harufu mbaya itupwe. Hata kuku wasipewe.
- Mbegu za matunda ya porini msiyoyajua, msizipike. Uchungu mwingine ni sumu.

Ile iliyo safi, menya, saga, na utie kwenye sukumawiki au terere.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Ni chakula gani tunachotupa ambacho kingeweza kulisha watoto?
2. Mahindi na mbegu zetu tunaanika wapi? Nani huhakikisha zimekauka?
3. Kazi ya kumenya ikiwa ndefu, nani nyumbani atasaidia? Au ni ya mama peke yake?