Fahamu: Kwa nini gauni la Shein ni rahisi hivyo?

Shein, duka la mavazi la mtandaoni, huagiza vipande 100 hadi 200 tu vya mtindo mmoja kutoka karakana za Guangzhou, China. Vikinunuliwa kwenye programu yake, huongeza oda. Visiponunuliwa, hasara ni ndogo. Hadi Mei 2025 vifurushi vya China visivyozidi dola 800 viliingia Marekani bila ushuru. Kwa mwenye kipato kidogo, gauni la sherehe kwa bei ya chakula cha mchana si jambo la kubezwa.

Ila nguo zake nyingi ni za poliesta, ambayo hutokana na mafuta ghafi na haiozi upesi, na mshono mwepesi huachia kwapani mapema. Hata punguzo lina walakini: Julai 2025 Ufaransa iliitoza Shein faini ya euro milioni 40 kwa punguzo la kupotosha. Nguo za namna hii zikichokwa, nyingine huibukia kwenye marobota ya mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, na zikikosa mnunuzi hasara humwangukia muuzaji wa mitumba.