Tupac na Kitabu cha Machiavelli

Kijiweni kwetu kuna ubishi usiokwisha: eti Tupac hajafa, yuko Cuba anakula kuku kwa mrija. Ushahidi? Jina la Makaveli! Mshikaji mmoja hutuapia kwamba huyo Machiavelli naye alijifanya amekufa, kisha akaibuka kuwamaliza maadui zake. Nilimwamini, mpaka nilipokisoma kitabu chenyewe, kamusi mkononi.

Hamna! Machiavelli hakufufuka wala nini. Alikuwa ofisa wa serikali ya Florence, Italia. Ukoo wa Medici uliporudi madarakani mwaka 1512 akapigwa chini, na 1513 akatiwa ndani na kuteswa. Alipotoka akakimbilia shamba, na huko akaandika Il Principe, kinachomtaka mtawala awe simba na mbweha kwa pamoja. Alikufa 1527, kitabu kikachapwa 1532. Basi.

Sasa mcheki Tupac. Novemba 1994 kapigwa risasi tano, 1995 yuko gerezani New York kwa kosa la kumdhalilisha mwanamke (hilo tusilifiche, masela). Hajui tena rafiki ni nani. Humo ndani akamsoma Machiavelli, mfungwa mwenzake wa karne nyingi nyuma. Wangeachaje kuelewana? Albamu ya Makaveli ilitoka Novemba 1996, mwenyewe keshafariki tangu Septemba 13.

Lakini vitabu havikuanzia jela, bwana. Mama yake, Afeni, alikuwa Black Panther, na jina Tupac lilitoka kwa Tupac Amaru wa Pili, aliyeongoza uasi dhidi ya Wahispania kule Peru. Baltimore alisoma shule ya sanaa: uigizaji, Shakespeare (yule yule ambaye Mwalimu Nyerere alimtafsiri), ushairi, hata ballet. Ndiyo, ballet! Mashairi yake ya ujanani yalitoka kitabuni 1999. Ukiyasoma utaona kijana mpole, si yule wa kutema mate mbele ya kamera.

Na sekondari aliiacha njiani. Hapo ndipo aliponigusa. Mimi niliishia fomu foo, na mzee akinikuta na kitabu huuliza, "Shule si umemaliza, unasoma ili iweje?" Sikuwahi kuwa na jibu.

Juzi alikiona Il Principe mezani, akaniuliza ni cha nani. Nikamwambia cha Tupac. Akacheka, akakibeba chumbani kwake. Hajakirudisha mpaka leo.