Una ngamia watatu. Je, huna uwezo?

Tuseme landilodi hapa Waberi amekufungia nyumba, vyombo viko ndani, na wakili anataka pesa ambayo huna. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inaruhusu serikali ikugharamie wakili kama hujiwezi. Si raia peke yake: mkimbizi wa Dadaab na asiye na uraia wa nchi yoyote pia wamo. Poa. Lakini utaonyeshaje kwamba huna?

Aliyeajiriwa anatoa slipu ya mshahara. Wewe ni mtu wa boda, hesabu zako zote ziko M-Pesa, na nusu ya pesa iliyopita humo ni ya shangazi na mchango wa harusi. Halafu kuna ngamia watatu wanaohesabiwa kuwa wako, wanachungwa na abti huko Balambala. Nani atanunua ngamia aliyekondeshwa na kiangazi?

Usiwafiche, kudanganya kwenye maombi ni kosa. Waandike, kisha ueleze kwa nini hawauziki. Na ukikataliwa usitoke hivi hivi: Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi.