Kiwanda Kikisimama, Ujuzi Hupungua

Mwaka 1936 mhandisi wa Marekani, T. P. Wright, alionyesha kwamba kila idadi ya ndege zilizokwisha kuundwa inapoongezeka maradufu, gharama ya kazi kwa ndege moja hushuka kwa takriban asilimia 20. Tangu hapo wapangaji wengi wa bei wamehesabu jumla ya bidhaa zilizotoka kiwandani tangu siku ya kwanza. Hapo ndipo penye kosa: jumla hiyo haipungui hata lango likifungwa mwaka mzima, ilhali ujuzi hupungua. Cha kupimwa ni akiba ya uzoefu, nayo huchakaa kama mtambo.

Ushahidi mzito umetoka kwa ndege ya TriStar ya kampuni ya Lockheed. Oda zilipopungua katikati ya miaka ya 1970 na uundaji ukazorota, saa za kazi kwa kila ndege zilipanda badala ya kushuka. Mwanauchumi Lanier Benkard, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2000, alichukulia kwamba uzoefu wa mwezi huu ni sehemu ya ule wa mwezi uliopita, ukijumlisha ndege zilizoundwa. Akakuta kwamba takriban asilimia 4 hupotea kila mwezi. Ni kidogo kwa mwezi, lakini miezi 12 bila ndege hata moja huacha asilimia 61 tu.

Wapo watakaosema fundi wa ribiti hasahau kazi yake kwa miezi michache. Ni kweli, ila kiwanda si mikono ya mtu mmoja. Wafanyakazi wakipunguzwa, wenye ukongwe kazini huchukua nafasi za wadogo wao na kujikuta kwenye kazi wasizozizoea. Wengine huajiriwa kwingine wasirudi. Kinachovunjika ni mazoea ya kufanya kazi pamoja, na hayo hayamo kwenye michoro.

Pingamizi zito zaidi linahusu vipimo. Kuhusu meli za Liberty za Vita Kuu ya Pili, utafiti wa mwaka 1990 ulikadiria kwamba robo ya uzoefu ilipotea kila mwezi; mwaka 2007 Peter Thompson, akiwa na takwimu bora, alipata kiwango kidogo mno kuliko hicho. Kwa hiyo kila kiwanda kijipime kwa daftari zake za saa. Lakini hata kiwango kidogo kina bei. Tukichukua asilimia 4 pamoja na kanuni ya Wright, ndege ya kwanza baada ya mapumziko ya mwaka mmoja itadai saa zaidi kwa karibu asilimia 17. Meneja anayejivunia mishahara aliyookoa anapaswa kuziandika saa hizo katika ukurasa uleule, kabla hajaamua kama kuendelea kuunda ndege chache polepole kungekuwa nafuu.