Boga la nusu, musilitupe

Mwezi wa tano, mvua imekatika, na kwenye mashamba ya Kolwezi na Likasi maboga ya mwisho yamelala kati ya majani makavu. Boga zima lenye kikonyo linakaa miezi mahali pakavu. Shida ni lile lililokatwa: leo tumekula nusu, na ile nusu ingine siku chache tu inaoza.

Sisi nyumbani tunalichemsha, tunaliponda, tunatia unga wa karanga na chumvi kidogo, tunaliacha polepole juu ya mbabula mpaka karanga ziive. Baba akitoka shimoni usiku, anakula na bukari, hata kama samaki hakuna. Lakini ukionja boga likawa chungu, tema, mwaga yote. Uchungu ule unaharibu tumbo.

Mbika pia ni chakula: tunaosha, tunaanika, tunakaanga. Ila bamama, tumeona wengine wanazianika juu ya mifuko iliyobeba mawe ya shimo. Hapana! Vumbi ya shaba na kobalti haitoki yote kwa kufua. Tandikeni mukeka safi, mbali na viatu vya kazi.